Vilele vya Kitui na Makueni: Milima mifupi inayobeba maji ya wengi

MTU akitaja kupanda mlima nchini Kenya, aghalabu fikira humwendea Mlima Kenya na kilele chake cha Batian, chenye mita 5,199 juu ya usawa wa bahari. Ni wachache wanaofikiria Mumoni, Mutitu, Mbooni, Kilungu au Chyulu.

Hata hivyo, tangu kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka wa 2013 kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kila kaunti ina mpaka wake, na ndani ya kila mpaka pana mahali palipoinuka kuliko pengine pote. Kuzuru sehemu hizo za juu kabisa, kaunti moja baada ya nyingine, ni safari ambayo Mkenya wa kawaida anaweza kuianza bila kamba wala viatu vya theluji. Anachohitaji ni ramani, maji ya kutosha na heshima kwa wenyeji.

Desturi ya kupanda vilele kwa kufuata mipaka ya utawala ilikita mizizi zaidi nchini Marekani. Mwaka wa 1936 Arthur Marshall alikamilisha vilele vya majimbo yote 48 yaliyokuwapo wakati huo. Baada ya Alaska na Hawaii kuwa majimbo mwaka wa 1959, idadi ikapanda hadi 50, na Vin Hoeman akawa wa kwanza kuvimaliza vyote, mwaka wa 1966. Katika miaka ya 1980 wapenzi wa safari hizo walianzisha chama chao.

Orodha yao ina mambo ya kushangaza. Alaska ina mlima wa mita 6,190 ambao umeua wapandaji wengi, ilhali Florida ina kilima cha Britton Hill chenye mita 105 tu, ambacho mtu hukifikia kwa gari. Mwenye kufuata orodha hachagui mlima kwa sifa zake. Orodha humchukua hadi mahali ambapo asingefika kwa hiari yake mwenyewe.

Kenya nayo ina tofauti kama hizo. Kaunti kadhaa, zikiwamo Nyeri, Meru, Kirinyaga, Embu na Tharaka Nithi, hukutana katika Mlima Kenya. Taita Taveta ina Vuria, wenye mita 2,208. Lamu, kwa upande wake, ni tambarare. Kati ya pande hizo mbili, ile ya theluji na ile ya mchanga wa pwani, ndipo zilipo kaunti za Kitui na Makueni.

Kaunti mbili, mto mmoja

Kitui ni miongoni mwa kaunti kubwa nchini, ikiwa na eneo la kilomita mraba zipatazo 30,500. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 ilikuwa na wakazi 1,136,187. Makueni, iliyomegwa kutoka wilaya ya Machakos mwaka wa 1992, ina takriban kilomita mraba 8,000, na hesabu hiyo iliipa wakazi 987,653. Kwa sehemu ndefu ya mpaka, Mto Athi ndio unaozitenganisha.

Sehemu kubwa ya kaunti hizi ni nchi kavu. Mvua hunyesha kwa misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na mkulima wa Ukambani huutegemea zaidi msimu huu wa pili. Baina ya misimu hiyo mito mingi hubaki mchanga mtupu, na watu huchimba visima ndani yake ili wapate maji. Kwa hiyo, kilima chenye msitu si pambo la mandhari. Ndicho mahali ambapo mvua hunyesha zaidi na chemchemi hudumu zaidi.

Kitui: Mumoni na vilima vya kati

Ardhi ya Kitui huteremka kutoka magharibi kuelekea mashariki na kaskazini mashariki, hadi kufikia takriban mita 400 katika tambarare za chini. Upande wa magharibi pana uwanda wa juu wa Yatta, uliotokana na lava na wenye urefu wa karibu kilomita 300, ambao huhesabiwa miongoni mwa mikondo mirefu zaidi ya lava duniani. Katikati ya kaunti pana vilima vinavyouzunguka mji wa Kitui, na mashariki yake vipo Mutitu na Endau.

Kwenye pembe ya kaskazini magharibi, karibu na bonde la Mto Tana, umesimama Mumoni. Mlima huu unapita mita 1,700 na ni miongoni mwa vilele virefu kabisa vya kaunti. Msafiri huufikia kupitia Mwingi, mji ulio kwenye barabara ya Thika kwenda Garissa, kisha hufuata njia ya Katse. Mwinuko si wa kutisha, lakini miteremko yake ina vichaka vya miiba, mawe yaliyolegea na joto kali kuanzia saa nne asubuhi. Aliye na busara huanza kupanda kabla ya jua kuchomoza.

Anayetaka kujipima kwanza anaweza kuanza na jiwe la Nzambani, karibu na mji wa Kitui. Ni mwamba mmoja mkubwa wenye urefu wa takriban mita 60, na umewekewa ngazi ya chuma. Wenyeji husimulia kwamba anayelizunguka mara saba hugeuka, mwanamume akawa mwanamke na mwanamke akawa mwanamume. Nzambani si kilele cha kaunti, lakini kutoka juu yake mtu huona jinsi vilima vya Kitui vilivyotawanyika kama visiwa katika bahari ya vichaka.

Vilima hivyo vina nafasi yake katika historia ya taifa. Ni kutoka Kitui ambapo mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya mnamo Desemba 3, 1849. Mwenyeji wake alikuwa Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kikamba aliyeongoza misafara kati ya bara na pwani. Jina aliloandika Krapf huelezwa kuwa lilitokana na matamshi ya Wakamba, Kiinyaa. Kwa maelezo hayo, jina ambalo nchi nzima inalitumia lilipitia katika vinywa vya watu waliokuwa wakiutazama mlima huo kwa mbali, kutoka vilima vyao vidogo.

Uhusiano huo haukuishia hapo. Uhuru ulipopatikana Desemba 12, 1963, aliyeipandisha bendera ya Kenya katika Mlima Kenya alikuwa Kisoi Munyao, mwana wa Ukambani, aliyefariki mwaka wa 2007.

Makueni: Chyulu au Mbooni?

Mkazi wa Wote akiulizwa sehemu ya juu kabisa ya Makueni, huenda akataja Mbooni au Kilungu. Jibu hilo lina sababu. Safu hizo mbili zinafikia takriban mita 1,900, zina baridi, zina mashamba ya kahawa na matunda, na ndizo zinazoonekana kutoka sehemu nyingi za kaunti. Aidha, mapokeo ya Wakamba yanasema kwamba ni Mbooni walikotulia kwa muda mrefu kabla ya kuenea hadi ng'ambo ya Athi, huko Kitui.

Lakini kwenye mpaka wa kusini magharibi, Milima ya Chyulu inafikia mita 2,188. Kwa kipimo hicho Chyulu inazishinda Mbooni na Kilungu kwa karibu mita 300. Tatizo ni kwamba mpaka wa Makueni na Kajiado unapita kandokando ya safu hiyo, na kwa hiyo anayetaka kudai kwamba amekanyaga kilele cha Makueni hana budi kuuchunguza mpaka huo kwenye ramani kabla ya kujisifu.

Milima hii ni ya aina mbili tofauti. Mbooni na Kilungu, sawa na vilima vya Kitui, ni mabaki ya miamba ya kale mno ambayo mvua na upepo vimeitafuna kwa mamilioni ya miaka. Chyulu ni milima michanga ya volkano, na milipuko ya mwisho katika safu hiyo ilitokea katikati ya karne ya 19. Mpandaji huihisi tofauti hiyo miguuni. Mbooni hupanda kwa vijia vya udongo mwekundu kati ya mashamba, ilhali Chyulu hupita kwenye nyasi ndefu, majivu ya volkano na lava kali inayokata viatu.

Kufika Mbooni ni rahisi, kwa sababu gari hupanda sehemu kubwa ya mwinuko hadi Kikima. Kilungu hufikiwa kupitia Salama, kwenye barabara kuu ya Mombasa, hadi Nunguni. Chyulu ni jambo jingine. Sehemu yake ni mbuga ya taifa tangu mwaka wa 1983, chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na lango la upande wa Makueni hufikiwa kupitia Kibwezi. Ndani yake mna nyati, ndovu na chui. Haifai mtu kuingia kwa miguu bila idhini na bila askari wa wanyamapori.

Kati ya safu hizo kuna Nzaui, mlima wenye jabali lililosimama wima na ambalo misafara ya karne ya 19 ililitumia kama alama ya njia. Katika masimulizi ya asili ya Wakamba, ni Nzaui ambapo Mulungu aliwashusha mtu wa kwanza na mkewe, na husemwa kwamba nyayo zao zingali kwenye mwamba.

Kilele kinavyotambuliwa

Kutambua sehemu ya juu kabisa ya kaunti si kazi ya macho. Kilima kilicho karibu huonekana kirefu kuliko kilicho mbali. Ramani za idara ya upimaji ya serikali, za kipimo cha 1 kwa 50,000, huonyesha mwinuko kwa mistari, na aghalabu huandika urefu wa vilele vikuu. Picha za rada zilizochukuliwa kutoka chombo cha anga za juu Februari 2000 nazo zilitoa vipimo vya mwinuko wa sehemu kubwa ya dunia. Hata hivyo, vipimo hivyo vinaweza kukosea kwa mita kadhaa, hasa penye miti mirefu au majabali yaliyochongoka. Panapokuwa na vilele viwili vinavyokaribiana, njia ya haki ni kuvipanda vyote viwili.

Maji ndiyo hoja

Thamani ya vilele hivi haipimwi kwa mita peke yake. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unapokutana na kilima hulazimika kupanda, hupoa, na mvuke wake hugeuka ukungu na mvua. Miti hunasa ukungu huo. Udongo wa msituni, ulio laini kwa majani yaliyooza, hunywa maji na kuyaachilia polepole. Miti ikiondolewa, mvua ileile hukimbia juu ya ardhi, huzoa udongo, hufurika kwa siku moja na kuwaacha watu na kiu kwa miezi.

Chyulu ni mfano ulio wazi zaidi. Juu yake hakuna mito ya kudumu, kwa maana miamba ya volkano ina matundu na huyameza maji yote. Maji hayo husafiri chini ya ardhi na kutokeza mbali, katika chemchemi za Umani huko Kibwezi na katika chemchemi za Mzima, ambazo zimekuwa zikiupelekea mji wa Mombasa maji kwa bomba tangu miaka ya 1950. Mti unaokatwa Chyulu unaweza kumgusa mtu wa Likoni ambaye hajawahi kulisikia jina la milima hiyo.

Tishio kubwa kwa vilima vya Kitui limekuwa ukataji wa miti kwa ajili ya makaa. Januari 2018 serikali ya kaunti ilipiga marufuku biashara hiyo, na mwezi uliofuata serikali kuu ikasimamisha ukataji katika misitu ya umma. Amri hiyo ya taifa iliondolewa mwaka wa 2023. Amri peke yake haimalizi tatizo, maana anayechoma makaa mara nyingi ni mkulima ambaye mahindi yake yamekauka shambani. Mgeni anayelipa mwelekezi wa kijijini, kununua asali na kula chakula cha hapo humpa mkulima huyo sababu moja zaidi ya kuuacha mti usimame.

Adabu za mpandaji

Miezi inayofaa ni Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba, ingawa katika kipindi hiki cha pili ukungu huweza kuvifunika vilele asubuhi nzima. Mpandaji abebe angalau lita tatu za maji kwa siku, avae viatu vinavyofunika kifundo cha mguu kwa sababu ya miiba na nyoka kama moma, na asipite karibu na mizinga ya nyuki.

Misitu mingi ya vilimani iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS), likishirikiana na vyama vya jamii vya misitu. Ruhusa huombwa hapo kwanza. Penye mashamba, ruhusa ni ya mwenye shamba, na salamu kwa mzee wa kijiji hufungua njia nyingi.

Zaidi ya hayo, vilima kadhaa vina ithembo, mahali patakatifu ambapo Wakamba walitoa sadaka, hasa kuomba mvua. Miti yake mikubwa haikukatwa, na kwa njia hiyo mathembo yamehifadhi vipande vya msitu wa asili ambavyo sheria ya serikali haikuvilinda. Mgeni haingii humo bila kibali cha wazee, havunji tawi, wala hachukui jiwe la ukumbusho. Waliopachagua mahali hapo walijua mvua hutoka upande gani muda mrefu kabla ya yeyote kuandika urefu wa mlima huo kwenye ramani.