Kabla ya kisu: altrasaundi ilivyoingia kwenye zizi la mbuzi

Wageni wanauita Kitengela, lakini wazee wa mji bado wanasema Noonkopir. Barabara ya Namanga inaupasua katikati, na jirani yake ni Athi River, yalipo machinjio ya Tume ya Nyama ya Kenya, KMC, iliyoundwa mwaka 1950. Mifugo ya Kajiado imepita huku miaka mingi ikienda kuchinjwa. Ni machinjioni humo ambamo mkaguzi wa nyama, akipasua ini, hukutana na mfuko mweupe uliojaa maji.

Mfuko huo ni kazi ya mnyoo tegu wa mbwa aitwaye Echinococcus granulosus. Mbwa akila ini au pafu bichi lenye mfuko, minyoo hukomaa tumboni mwake, na mayai yake hutoka na kinyesi. Mbuzi huyala pamoja na majani. Mtoto huyapata mikononi baada ya kucheza na mbwa. Ndani ya mwili wa binadamu mfuko hukua taratibu, pengine miaka mingi bila maumivu, hadi tumbo livimbe. Madaktari huuita ugonjwa huo hidatidi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikagua mifugo iliyochinjwa katika nchi ya Wamaasai upande wa Kenya. Mifuko ilipatikana kwa asilimia 25.8 ya ng'ombe, asilimia 16.5 ya kondoo na asilimia 10.8 ya mbuzi. Ng'ombe mmoja kati ya wanne! Lakini hesabu ya machinjioni ina kasoro moja: mnyama amekwisha kufa. Mtafiti anayetaka kujua kama dawa au chanjo inafanya kazi anahitaji kuona ndani ya mnyama aliye hai, leo na tena mwaka ujao.

Chombo cha kumwezesha, mashine ya altrasaundi, kilikuwa kimeanza safari mbali sana. Mwaka 1958, huko Glasgow, daktari Ian Donald na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet picha za uvimbe wa tumboni zilizopigwa kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu haliyasikii. Mwaka 1980 Wafaransa Palmer na Driancourt wakaonyesha jinsi mashine hiyo inavyoweza kuchunguza uzazi wa farasi. Afrika Mashariki haikukawia. Shirika la AMREF lilianza mpango wa kupambana na hidatidi huko Turkana mwaka 1983, na mashine za kubebeka zikafikishwa kwa wafugaji hukohuko malishoni. Ripoti ya mwaka 1989, iliyoandikwa na Calum Macpherson, Eberhard Zeyhle na wenzao, akiwemo Anne Spoerry, daktari wa ndege, ilihusu watu zaidi ya 18,000 waliopimwa Kenya, Tanzania, Ethiopia na Sudan. Wamaasai walikuwemo.

Baada ya watu, ikaja zamu ya mbuzi na kondoo, na hapa ndipo historia hii inaponivutia zaidi. Watafiti waliwapima wanyama 300 nchini Kenya wakiwa hai, kisha wakawachinja na kulinganisha. Matokeo, yaliyotoka mwaka 1998, hayakufichwa: mashine iligundua takribani asilimia 54 tu ya walioambukizwa. Waliokuwa wazima iliwatambua vizuri, zaidi ya asilimia 97. Kwa maneno mengine, mashine ikikuambia mbuzi ana mfuko, aghalabu ni kweli. Ikikuambia hana, usiiamini upesi.

Sababu iko kwenye sauti yenyewe. Mawimbi haya hayapiti hewani vizuri, na pafu limejaa hewa. Mbavu nazo huyazuia. Isitoshe, mfuko mdogo haushikwi na mawimbi marefu. Ukiongeza kasi ya mtetemo, picha inakuwa kali lakini haifiki mbali. Mashine za hospitali hutumia megahezi chache ili zifike kwenye ini la mtu mzima. Zile zilizobuniwa kwa panya wa maabara, kama za kampuni ya VisualSonics iliyoanzishwa Toronto mwaka 1999, hupanda hadi megahezi 30 na zaidi, na humwonyesha mtafiti moyo wa kijusi cha panya ukipiga. Kwa panya, sentimita moja ya kina inatosha. Kwa ini la ng'ombe wa Kajiado haitoshi hata kidogo.

Kwa hiyo machinjioni bado kisu cha mkaguzi ndicho chenye neno la mwisho, na altrasaundi imepata makao yake kwa binadamu: tangu mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wa kuigawa mifuko ya hidatidi kwa hatua, kufuatana na picha ya mashine hiyo, ili daktari ajue ipi inahitaji dawa, ipi upasuaji na ipi iachwe ikichunguzwa tu.

Wewe unayechinja Noonkopir, iwe buchani au nyumbani kwa sherehe, ukikuta mfuko wa maji kwenye ini au pafu, usimtupie mbwa. Uchome, au uufukie chini kabisa asikoweza kuufukua.