Jina Moja, Mtu Mmoja: Historia ya Daftari la Wachangiaji



Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi akina mama wa Karagwe na Kyerwa tunaongeza kidogo: hata mali yenye daftari hupotea, kama mtu mmoja ameandikwa humo mara tatu. Jambo hili lina mizizi mirefu kuliko kikundi chetu, na ndiyo maana tunalieleza hapa.

Zamani mama wa Kinyambo alikuwa na jina alilopewa na wazee wake, na kijijini lilitosha. Ikaja dini, akabatizwa, akaandikwa Anastazia. Akaolewa, akaandikwa kwa jina la mume. Akajifungua, basi mtaa mzima ukamwita Mama Fulani. Kwenye kahawa ndiyo kabisa! Chama chetu kikuu cha ushirika, KDCU, kilianzishwa mwaka 1990, lakini mibuni kwa kawaida ilihesabiwa kuwa ya mzee, na jina la kitabuni likawa la mzee. Mama aliyechuma na kuanika hakuonekana popote. Juu ya hayo kuna R na L. Karani mmoja anaandika Kokushubira, mwenzake Kokushubila. Kwenye karatasi hao ni watu wawili.

Waliokuwa watu wazima mwaka 1994 wanakumbuka. Tarehe 28 na 29 Aprili watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja, na makambi yakafika hata huku Karagwe. Chakula kiligawiwa kwa kadi. Mtu aliyekimbia vita na njaa akipata nafasi ya kadi ya pili, ataiacha? Ikabidi watu waandikishwe upya ili chakula kilingane na midomo. Hapo wengi wetu tuliona kwa mara ya kwanza kuwa orodha ya majina ni jambo la kufa na kupona.

Baadaye zikaja mashine. Mwaka 2015 wapiga kura tuliandikishwa kwa alama za vidole, na hadi Januari 2020 laini za simu nazo zikasajiliwa kwa vidole na kitambulisho cha NIDA. Kidole hakina R wala L.

Vikundi navyo vikaanza kuulizwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 ilitaka vikundi vya kuweka na kukopa visajiliwe. Mwaka 2023 Serikali ikasimamisha mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya akina mama, vijana na watu wenye ulemavu. Sababu mojawapo ilikuwa vikundi hewa. Mikopo ilirudi mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Wenye daftari safi na wenye daftari chafu wote walisubiri pamoja.

Basi tukaligeukia daftari la wachangiaji wetu. Mfadhili mmoja alitoa fedha taslimu kwenye harambee, akaandikwa Mama Fulani. Mwaka uliofuata akatuma kwa simu, likatokea jina la NIDA. Mara ya tatu akatumia simu ya mwanawe aliyeko Bukoba, likaandikwa jina la kijana. Mtu mmoja, mistari mitatu! Mwenzetu huyu huyu angepelekewa barua tatu za mchango, na sisi tungemwambia Afisa Maendeleo ya Jamii kwamba tuna wachangiaji wengi kuliko tulio nao.

Hatukuwa na mashine ya vidole. Tulifanya kama tunavyofanya na hisa: tulisoma kila jina kwa sauti mbele ya kikao, maana masikio ya akina mama yanajua Kokushubila ni nani. Tuliweka masharti matatu. Kwanza, tusiunganishe kwa jina tu. Kitongoji, jina la baba na namba ya simu vitazamwe pia. Pili, hakuna kufuta. Mstari wa zamani unapigwa kalamu moja na kuandikwa namba ya ukurasa uliohamia. Tatu, jumla ya fedha kabla na baada ya kazi iwe ile ile, hata shilingi isipungue. Tunaunganisha majina, michango haiguswi. Aliyetoa mara tatu abaki ametoa mara tatu.

Sharti la kwanza lilituokoa. Majina mawili yalifanana herufi kwa herufi, na wengine wakasema, "Huyo ni yule yule." Kumbe mmoja ni mjane wa upande wa Nkwenda, mwingine ni wa Kayanga. Tungewaunganisha, mchango wa mjane ungemezwa na jina la mwenzake, naye angetoweka daftarini kama mama zetu walivyotoweka kwenye vitabu vya kahawa. Kumwandika mtu mara mbili kunaudhi, lakini kumfuta mtu aliyetoa ni dhuluma.

Orodha ya wachangiaji itasomwa siku ya sherehe. Sikiliza jina lako. Likitajwa mara mbili, au lisipotajwa, usinung'unike pembeni. Mwone katibu, useme jina ulilotolea. Daftari liko mezani, na kalamu ipo.