Fuvu la Kalenga na hesabu ya kuzidisha

Mkataba wa Versailles wa 1919 una kifungu kimoja, cha 246, ambacho ukikisoma unarudia mara mbili: Ujerumani iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Mkwawa ndani ya miezi 6. Miezi 6 ikawa miaka 35.

Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898 asije akakamatwa, Wajerumani wakamkata kichwa. Aliyekuja kulitafuta fuvu ni Gavana Edward Twining, katika makumbusho ya Bremen. Akakuta mafuvu 2,000 hivi! Kati ya hayo, 84 yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Akatenga yenye vipimo vinavyokaribiana na vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na humo moja tu lilikuwa na tundu la risasi. Basi, ndilo. Tarehe 19 Juni 1954 likarudishwa Kalenga, karibu na Iringa mjini, enzi za Chifu Adam Sapi, mjukuu wake, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge.

Hebu tupige hesabu. Uwezekano wa matukio mawili yasiyotegemeana kutokea pamoja hupatikana kwa kuzidisha. Tuseme, kwa mfano tu, fuvu 1 kati ya 7 lina vipimo vile, na 1 kati ya 12 lina tundu. 1/7 mara 1/12 ni 1/84. Ni ndogo, eeh? Lakini mafuvu yenyewe ni 84. Kwa hiyo hata kama la Mkwawa halikuwahi kufika Bremen, uwezekano wa kukuta angalau moja lenye sifa zote mbili ni kama asilimia 63.

Na hapo tumehesabu kwa upole, maana tumekubali kwamba sifa hizo hazitegemeani. Wahehe walipigana na Wajerumani tangu Lugalo, Agosti 1891, hadi 1898. Fuvu la Mhehe wa miaka ile (mimi hata hivyo sina imani na mambo ya kumtambua mtu kabila kwa rula) lina nafasi kubwa ya kuwa na tundu kuliko fuvu lolote la rundo lile. Sehemu ya pili basi si 1/12 tena. Pengine ni 1/3. Zidisha upya: 1/21, yaani mafuvu 4 katika 84.

Ushahidi wa tatu wa kuzidisha humo ungepaswa kuwa kitu ambacho vita haikukigusa, kama vinasaba vya ukoo wake.