UDONGO NA WANAOULIMA: HISTORIA YENYE FUNZO KWA BUSTANI ZETU



Katika toleo hili la kumbukumbu, sisi walimu tumechagua kuandika historia ya udongo. Kila familia inayopanda lengalenga au kabichi kando ya nyumba hulima kipande kilekile kila msimu, wala haina kingine cha kuhamia.

Hali hiyo si ngeni Tanzania, nchi iliyotupokea. Katika kisiwa cha Ukara, Ziwa Viktoria, kufikia miaka ya 1960 waliishi zaidi ya watu 200 kwa kila kilomita ya mraba. Wakara hawakuwa na nafasi ya kupumzisha mashamba. Kwa hiyo waliwafuga ng'ombe ndani ya nyumba, katika shimo, wakawakatia majani, kisha wakabeba samadi hadi shambani. Katikati ya uwele walipanda mmea wa jamii ya mikunde, wakaufukia uoze ardhini. Lakini Wakara waliohamia bara, penye ardhi tele, waliiacha kazi hiyo nzito, maana huko hawakuihitaji.

Katika milima ya Uluguru mambo yalikwenda vingine. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Nia ilikuwa kuokoa udongo, lakini uchimbaji ulifukua udongo wa chini usio na rutuba, na mazao yakapungua. Julai 1955 kulitokea ghasia huko Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa. Nasi tuliotoka Burundi twajua kwamba mifereji ya kuzuia mmomonyoko iliyochimbwa kwa amri ya Wabelgiji ilitelekezwa na wengi baada ya uhuru wa mwaka 1962.

Funzo ni hili: udongo hutunzwa na yule anayeutegemea na kuuona ukibadilika. Baadhi yetu husema, "Ardhi si yetu, kesho tutaondoka." Lakini watoto wanakula mboga za leo, na wenyeji wetu watabaki na ardhi hiyo.

Basi tunapendekeza kila bustani iwe na daftari. Kila mwanzo wa msimu, udongo ukiwa na unyevu, chimbeni shimo la futi moja kila upande, mhesabu nyungunyungu. Kisha didimizeni kidogo kopo lisilo na kitako, mmimine maji, mwandike dakika yanazochukua kuzama. Nyungunyungu wakiongezeka na maji yakizama upesi kuliko msimu uliopita, udongo unapona. Ikiwa ni kinyume, ongezeni mboji na matandazo mapema, msingoje majani yawe njano.

Nanyi ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kuleta mbegu na maagizo, tunawaomba mwulize kwanza daftari la mkulima.