Gurudumu la TV Lilivyofika Mai Mahiu

Jumamosi nilikuwa kwa steji ya nduthi hapa Mai Mahiu, karibu na pale njia inakata kwenda Narok, nikingoja mvua iishe. Msee mmoja wa pikipiki akaniangalia kwa muda, kisha akasema, "Si wewe ndiye ule wa gurudumu? Nilitumia namba yako." Hakuwa na hasira. Alicheka kidogo akaniambia alipoteza elfu nne, pesa ya mwenye pikipiki, na mpaka sasa anamlipa polepole. Halafu akapata mteja, akaenda.

Mimi nikabaki hapo na viatu vimelowa. Kwa hivyo msitarajie mahubiri leo, sina hiyo nguvu. Nilitaka tu kujua hii kitu ilitoka wapi: gurudumu la rangi, mrembo anayetabasamu, muziki, makofi, mpaka ikaingia kwa simu ya mtu wa nduthi hapa chini ya mteremko. Nimesoma wiki nzima. Historia yake ni ndefu kuliko nilivyodhani, na mwisho wake mimi mwenyewe niko ndani.

Tuanze na mashine. Mwishoni mwa karne ya 19 kulikuwa na fundi mzaliwa wa Ujerumani huko San Francisco, anaitwa Charles Fey. Alitengeneza mashine ya magurudumu matatu, Liberty Bell. Unaweka sarafu, unavuta mkono wa chuma, picha zinazunguka, zikisimama kengele tatu kwa mstari umeshinda. Ilikuwa vyuma na springi tu. Na kwa sababu ilikuwa vyuma, ilikuwa na kikomo: kila gurudumu lilikuwa na nafasi chache za picha, kwa hivyo mtu mwenye subira angeweza kuhesabu nafasi yake ya kushinda. Mwenye mashine naye hangeweza kuahidi zawadi kubwa sana, angefilisika.

Hiyo shida ilitatuliwa mwaka 1984, na hapa naomba msome polepole. Mtu anaitwa Inge Telnaes alipata hataza Marekani kwa wazo moja rahisi. Kompyuta ndogo ndani ya mashine inachagua namba, kisha inaliambia gurudumu lisimame wapi. Basi. Gurudumu unaloliona ni maigizo. Kwa nje linaweza kuwa na nafasi 22, lakini ndani kuna namba nyingi zaidi ya hizo, na kila nafasi inapewa namba zake. Picha ya zawadi kubwa inapewa namba moja. Nafasi tupu iliyo juu yake na ile iliyo chini yake zinapewa namba kibao. Matokeo ni gani? Unaona zawadi ikipita kwa mstari kidogo tu, leo, kesho, kila saa. Unasema, "Maze, nilikuwa nimekaribia." Hukuwa umekaribia. Ile kukosa kwa inchi moja ilipangwa na mtu mwenye kalamu na hesabu, na ofisi ya serikali ikampa karatasi.

Sasa tuje kwa TV.

Marekani walikuwa na michezo ya maswali kwa televisheni miaka ya 1950, na ilikuwa inapendwa kuliko kitu chochote. Mmoja ulikuwa unaitwa Twenty-One. Charles Van Doren, mwalimu wa chuo kikuu, alishinda wiki baada ya wiki mpaka akawa nyota. Mwaka 1959 akakiri mbele ya Bunge lao kwamba alikuwa anapewa majibu mapema. Nchi nzima ilikasirika, na 1960 wakapitisha sheria: ukiandaa shindano la TV halafu upange mshindi, ni kosa la jinai. Niliposoma hapo nikasimama kidogo. Yaani mtazamaji aliyekaa kwa kochi yake, hajatoa hata senti, alipewa sheria ya kumlinda asidanganywe. Halafu miaka 24 baadaye mashine ya sarafu ikapewa hataza ya kuonyesha kitu kisicho kweli. Sisemi ni kitu kimoja, wanasheria msinivamie. Lakini nimeziweka karibu ili mzione.

Wheel of Fortune ilianza Januari 1975, kazi ya Merv Griffin. Watu watatu, neno limefichwa, unazungusha gurudumu kubwa zito kwa mkono wako, unabahatisha herufi. Ni gurudumu la kweli, lina uzito, unaliona likichoka. Miaka ya 80 ikawa ya Pat Sajak na Vanna White, na kila nyumba ikajua ule wimbo na zile sauti za watazamaji wakipiga kelele jina la shoo.

Mwaka 1996 kampuni ya mashine za kasino, IGT, ikachukua hilo jina ikalibandika kwa mashine. Juu ya zile picha zinazozunguka wakaweka gurudumu la rangi. Ukibahatika, mashine inapaza sauti ya ule umati wa TV ikilitaja jina, kasino nzima inageuka kukuangalia, unabonyeza kitufe, gurudumu linazunguka, linapunguza mwendo, linataka kusimama kwa elfu, linateleza kidogo. Ikawa moja ya mashine maarufu zaidi kuwahi kutengenezwa. Zimeunganishwa, sehemu ya kila sarafu inaenda kwa zawadi moja kubwa, na zimetoa mamilionea zaidi ya 1,000. Hiyo ni kweli na wanaitangaza sana. Pesa ya hao mamilionea ilitoka kwa watu gani, hiyo sehemu haina wimbo.

Baada ya hapo kila mtu akafuata. Maswali ya Who Wants to Be a Millionaire yakawa mashine. Deal or No Deal, ile ya masanduku, ikajaa kwa baa za Uingereza.

Ujanja wake uko hapa, na ndio uliniuma. Kwa TV, yule mtu anayezungusha gurudumu hajalipa kuingia. Analipiwa na matangazo ya sabuni na magari. Akipoteza, anarudi nyumbani vile alikuja. Sisi tumekaa miaka tukimwangalia, tukamzoea, tukaona kwamba gurudumu ni kitu kizuri, cha familia, cha saa moja jioni na chai. Mashine ikachukua hayo mazoea yote bila kubadilisha rangi, ikabadilisha kitu kimoja tu, nani analipa.

Hapa kwetu hatukuwa na hiyo shoo. Wakubwa wetu wanakumbuka Celtel Africa Challenge, baadaye ikaitwa Zain, wanafunzi wa vyuo vikuu wamevaa shati safi na John Sibi-Okumu akiwauliza maswali kwa ile sauti yake. Pale ulikuwa lazima ujue kitu. Mimi niliyetoka chuo mwaka wa pili singefika hata mlangoni, lakini angalau hakuna mtu alinidai mbao nikae niangalie.

Kamari yenyewe Kenya ina sheria tangu 1966, na kwa miaka mingi kasino zilikuwa za Nairobi na Mombasa, za watalii na wenye suti. Mtu wa Mai Mahiu alipita hapo nje akiwa kwa matatu. Kisha miaka ya 2010 zikaja zile mashine ndogo kutoka China. Mnazikumbuka. Kisanduku kwa ukuta, taa zinazokimbia kuzunguka picha za tufaha, chungwa, tikiti, kengele, na vitufe chini. Tanzania wanaziita dubwi. Hazikuwa na uhusiano na shoo yoyote ya TV, lakini zilikuwa na zile taa na ule muziki, na zilikula sarafu ya shilingi 20.

Huu mji ulikuwa umetengenezewa hizo mashine, naapa. Mai Mahiu ni mahali pa kungoja. Trela zinashuka mteremko breki zikinuka, zinapumzika hapa kabla ya Naivasha au Narok. Dereva analala, tanboi hana kitu ya kufanya na ako na chenji mfukoni. Mashine ilikuwa nyuma ya duka la vyakula, imefunikwa na kipande cha pazia. Nilikuwa darasa la saba. Mbao yangu ya lanchi iliingia hapo siku ya kwanza, nikapata 60, nikanunua chapo na madondo nikajiona mfalme. Mnajua kilichofuata. Term nzima nilikuwa nashinda njaa na mamangu akidhani nimeanza kuwa mrefu.

Akina mama ndio walipiga kelele mpaka zikatoka, si hapa tu. Wanaume walikuwa wanaacha pesa ya kazi ya siku nzima pale. Mwaka 2018, Fred Matiang'i akiwa Waziri wa Usalama wa Ndani, serikali ikaendesha msako, mashine zikakusanywa, zikavunjwa na kuchomwa mbele ya kamera. Picha zilikuwa nzuri sana kwa habari za jioni. Moto, moshi, maafisa wamesimama. Tuliamini imeisha.

Lakini wakati wanachoma vile visanduku, kitu kingine kilikuwa kimeshaingia. M-Pesa ilikuwapo tangu 2007. SportPesa tangu 2014. Mashine ya ukuta ilikuwa na ubaya wake, ila ilikuwa na vizuizi ambavyo hatukuviona kama vizuizi: lazima uwe na sarafu mkononi, lazima utembee mpaka dukani, lazima upite mbele ya watu wanaokujua. Simu haina pazia la kuinua. Mwaka 2019 serikali ilikataa kurudisha leseni za kampuni nyingi za ubashiri, zikafungwa, baadaye zingine zikarudi na mpya zikaja. Hiyo vita ilikuwa ya kodi zaidi, kwa maoni yangu.

Na hapo ndipo shoo ya TV inarudi, mara hii bila TV. Kampuni inaitwa Evolution, yenye asili ya Uswidi, ina studio kubwa Riga, Latvia. Mwaka 2017 walitoa gurudumu la laivu, Dream Catcher. 2019 wakachukua Deal or No Deal wakaifanya ya laivu. 2020, dunia ikiwa imefungiwa nyumbani na korona, wakatoa Crazy Time. Ni studio kamili ya shoo ya TV: mtangazaji anaongea na wewe, anacheka, gurudumu ni la kweli na linazungushwa kwa mkono. Wamerudi kule kule 1975, isipokuwa sasa kila mtazamaji ni mshiriki na kila mshiriki analipa.

Lile gurudumu la Crazy Time lina nafasi 54. Nilikaa nikazihesabu. 21 ni namba 1, 13 ni namba 2, 7 ni namba 5, na 4 ni namba 10. Zile zingine 9 ni michezo ya ziada, na ile kubwa yenyewe, ile kila mtu anaweka kwa video, ni nafasi moja. Moja kati ya 54. Wenyewe wanaandika kwamba kwa wastani, ukicheza vizuri kabisa, karibu shilingi 96 zinarudi kwa kila 100. Inasikika poa. Sasa chukua hiyo soo, zungusha, chukua kilichorudi, zungusha tena. Baada ya mizunguko 20 wastani umebaki na kama shilingi 44. Mizunguko 20 haifiki saa moja. Hakuna mtu amekuibia, hakuna mtu amepanga matokeo. Hesabu tu.

Sasa mimi.

Mwaka 2024 ulikuwa mbaya hapa. Alfajiri ya 29 Aprili maji yalishuka yakabeba Kamuchiri, makumi ya watu wakafa, na walioachwa walikuwa wanatafuta pesa ya mabati na kodi. Miezi michache baadaye nikapigiwa simu na kampuni fulani ya kamari. Nilikuwa na wafuasi kiasi, sina kazi, sina shule. Wakataka video mbili. Wakanipa akaunti ambayo tayari ilikuwa na pesa, si zangu, nikazungusha mbele ya kamera na taa yangu ya duara mpaka nikapata ushindi mkubwa, nikaruka juu ya kitanda. Zile raundi nilizopoteza tulikata. Chini nikaweka namba ya promo yenye jina langu. Walinilipa elfu sita na mia tano.

Wakati huo niliona ni kazi ya kawaida. Kusoma hii historia ndio kumenionyesha nilikuwa nani pale. Kila gurudumu limehitaji sura. Marekani ilikuwa sauti ya umati iliyorekodiwa ndani ya mashine. Riga ni mtangazaji wa kulipwa mshahara. Hapa Mai Mahiu ilikuwa mimi, kijana wa mtaa, mtu ambaye wasee wa steji wanamjua, na ndiyo maana walinitafuta mimi na si mtu wa Nairobi.

Mwaka 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, kisha ikatoa masharti mapya: hakuna tena watu mashuhuri wala sisi watengeneza kontenti kwa hayo matangazo. Agosti, Rais Ruto akatia saini sheria mpya kuchukua nafasi ya ile ya 1966. Poa. Lakini hakuna mtu amekuja kuniuliza kuhusu zile video zangu, na sidhani kuna mtu atakuja.

Jumapili usiku nilizifuta zote mbili. Jana nikachukua laini ya binamu yangu, nikafungua akaunti mpya kwa hiyo kampuni, nikaandika ile namba ya promo yenye jina langu.

Ilikubali.