Mninga: Jinsi ya Kuutambua Msituni na Juu ya Lori

Mti huu una majina mengi. Tanzania ni mninga, Zambia mukwa, Malawi mlombwa, Msumbiji umbila. Kitaalamu ni Pterocarpus angolensis. Anayenunua mukwa Nakonde amenunua mninga uleule wa Tunduma, na hapo hakuna ubaya. Ubaya huanza karatasi zinapotaja mti mmoja na lori limebeba mwingine.

Mninga hupukutisha majani kiangazi, kwa hiyo msimu huo usitafute majani, tazama matunda. Hubaki yakining'inia muda mrefu baada ya majani kuanguka. Ni bapa na ya duara, upana sentimita 8 hadi 15, katikati yana nywele ngumu kama brashi, na pembeni yamezungukwa na ubawa mwembamba mfano wa karatasi. Maua ni ya njano, huchanua mvua zikikaribia. Gome ni la kijivu cheusi, limepasuka vipande vipande.

Ukilikata gome hutoka utomvu mwekundu kama damu. Wanunuzi wengi huishia hapo. Haitoshi, kwani mkurungu (Pterocarpus tinctorius), ambao Zambia huitwa mukula, ni ndugu yake na pia hutoa utomvu mwekundu.

Mti ukishapasuliwa mbao kazi ni ngumu zaidi. Kiini cha mninga ni cha kahawia, mara nyingine chenye michirizi myekundu, na sehemu ya nje ni nyeupe ya kuelekea njano. Mkurungu huelekea zaidi kwenye wekundu, lakini rangi hubadilika mbao zikikaa juani, hivyo usiitegemee peke yake. Mkongo (Afzelia quanzensis) ni mzito zaidi. Msituni hauna shida, maana maganda yake ni magumu na mbegu zake nyeusi zina kofia nyekundu.

Mkurungu uliingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES mwaka 2019. Mkutano wa Panama wa Novemba 2022 ukaongeza jamii zote za Pterocarpus za Afrika, mninga ukiwemo, pamoja na jamii ya mkongo. Magogo na mbao zake zikivuka mpaka zinahitaji kibali cha CITES, mbali na hati za idara ya misitu. Kibali hutaja jina la kitaalamu. Dereva alisome kabla ya kufunga turubai, si akiwa tayari kwenye foleni ya forodha.