Pafu la Mzee Lisitupwe

Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini. Je, binadamu na mapafu yake? Mwaka 1963 Daktari James Hardy wa Mississippi, Marekani, alimpandikizia mtu pafu kwa mara ya kwanza. Mgonjwa aliishi siku 18. Mafanikio ya kudumu yalipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1983. Madaktari wakaweka sharti: mtoaji awe chini ya miaka 55. Wagonjwa wakafa wakisubiri, huku mapafu ya wazee yakizikwa. Baadaye uchunguzi ulionyesha kuwa pafu la mzee, likichaguliwa vizuri na lisipokaa muda mrefu bila damu, laweza kumfaa mgonjwa. Kwa maoni yangu, ndugu msikilizaji, lipimwe kwanza pafu lenyewe, ndipo umri uulizwe.